Picha Zisizo na Chenga

Kila kitu kiliharibika Jumanne, tarehe 19 Desemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa hiyo naijua kwa sababu imeandikwa pembeni mwa picha ya hospitali, kwa herufi ndogo nyeupe, chini ya jina la mke wangu: Gil Okrye, mwanamke, miaka 61. Siku yenyewe hatukujua kwamba kuna kilichoharibika. Mimi nilikuwa kazini, juu ya jukwaa la chuma, nasaga mshono wa kuchomelea kwenye tumbo la meli ya gesi. Yeye alirudi nyumbani mapema, akapika supu ya mwani, akaniambia kipimo cha mapafu hakikuchukua hata muda wa kuchemsha yai.

"Unalala, unavuta pumzi, unaambiwa inuka," alisema. "Nilikuwa sijamaliza hata kuogopa."

Akacheka, na mimi nikacheka. Hilo ndilo nisilowasamehe wakubwa wa hospitali ile. Walitufanya tucheke.

Okrye alikuwa mpishi wa shule ya msingi hapa Jangpo kwa miaka ishirini na sita. Kila Jumatano, siku ambayo watoto hupewa chakula wanachokipenda, yeye na mwenzake Pyo Bok-sil walikaanga vipande mia saba vya nyama ya nguruwe, wameinamia karai la mafuta, na feni ya kuvuta moshi inanguruma juu yao bila kuvuta chochote. Wakubwa wa shule walijua habari za feni. Waliandikiwa barua mara tatu. Wapishi wa shule walipoanza kufa kwa saratani ya mapafu, mmoja huku, mmoja kule, wanawake ambao hawajawahi kushika sigara mkononi, ndipo wakubwa wakashtuka. Feni hawakuibadilisha. Walisema wapishi wapimwe mapafu.

Basi Desemba ile, kama ilivyo kawaida yetu ya kuacha mambo ya mwaka mzima yafanywe wiki mbili za mwisho, wanawake arobaini na mmoja kutoka shule zote za mji walipakiwa kwenye basi wakapelekwa Hospitali ya Seorim. Arobaini na mmoja, asubuhi moja. Kiwandani kwetu mkaguzi akiniambia amekagua mishono arobaini na mmoja kabla ya chakula cha mchana, namwambia akalale, maana hajakagua kitu.

Baada ya wiki mbili karatasi zikaja. Arobaini na moja, zote zimeandikwa maneno yaleyale: hakuna tatizo.

Oktoba iliyofuata Okrye alianza kukohoa. Tulikwenda Busan. Daktari wa huko alituomba diski ya picha za zamani, nasi tulikuwa nayo, kwa sababu Okrye alikuwa mtu wa kuhifadhi kila kitu kwenye kopo la biskuti. Daktari aliitazama, akatikisa kichwa. "Hapa palikuwa safi," alisema. "Tena picha nzuri sana." Kwenye picha mpya pafu la kushoto lilikuwa limejaa. Machi tuliweka majivu yake kwenye jengo la kumbukumbu, rafu ya chini kabisa. Rafu zilizo sawa na macho ni za wenye uwezo.

Nilikaa na ile diski mpaka Mei. Binti yangu Nari alipokuja kunitazama nilimwambia aifungue kwenye kompyuta yake.

Niseme jambo moja kuhusu macho yangu. Shule niliacha darasa la sita. Lakini filamu za eksirei nimezitazama miaka thelathini na minne. Mshono mkubwa wa meli hupigwa eksirei kama mguu uliovunjika. Filamu inawekwa mbele ya taa, na msimamizi anakuita uje uone ulipoboronga. Kitundu cha hewa kinaonekana kama punje ya mtama. Ufa unaonekana kama unywele. Na filamu nzima, hata ya mshono mzuri kuliko yote, ina chenga, kama televisheni ya zamani mvua ikinyesha. Unajifunza kutazama ndani ya chenga. Nimewahi kukaa na filamu moja robo saa nzima, nikabishana na mkaguzi, na nikashinda.

Picha ya mke wangu haikuwa na chenga hata moja. Ilikuwa laini kama kipande cha tofu, jibini la soya, kilichotoka kukatwa.

"Hii imepakwa rangi," nilimwambia Nari.

"Baba, hiyo ni picha ya mwili. Haipakwi rangi."

"Imepakwa."

"Baba, jamani."

"Miaka thelathini na minne, Nari. Chuma kilichopakwa rangi nakijua hata nikiwa nimefumba jicho moja."

Kiwandani kuna sheria ambayo hata mlevi anaijua: hakuna rangi kabla ya mkaguzi. Mshono unaachwa uchi na uchafu wake wote. Mkaguzi anakuja na tochi na chaki, anazungushia duara pale asipopaamini, wewe unasaga na kuchomelea upya, yeye anarudi tena. Akiridhika ndipo wapaka rangi wanaitwa. Mwaka mmoja kikosi cha rangi kilipuliza tangi zima mapema ili kuwahi siku ya kushusha meli majini. Lilipendeza kweli. Mkaguzi aliwaamuru walikwangue lote kwa mikono, na hakuna aliyemwona mkaguzi ni mkorofi.

Nikaenda Seorim. Mara ya kwanza yule wa mapokezi aliniambia, "Baba, pole sana kwa msiba."

"Mimi si baba yako. Mtoto ninaye mmoja na hafanyi kazi hapa. Nataka kumwona aliyesoma picha hii."

Mara ya pili niliambiwa yuko mkutanoni. Mara ya tatu nilimpata Daktari Seon, mkuu wa idara ya picha, mtu wa miaka hamsini hivi, miwani safi, viatu safi. Sikatai, alinipokea vizuri. Alinieleza kwamba mashine yao mpya inasafisha picha kwa akili bandia, na kwamba picha za Seorim sasa zinapendeza kuliko za hospitali nyingi za Seoul.

"Zinapendeza kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa msomaji, mzee. Macho hayachoki."

"Macho ya mkaguzi yanatakiwa yachoke. Ndiyo kazi anayolipwa."

Akatabasamu vile wanavyotabasamu wenye vyeti. Nikaondoka nimekunja ngumi mfukoni.

Mara ya nne sikupanda juu. Nilisimama chini, kwenye mashine ya kahawa, natafakari nitamtukana nani. Mwanamke mmoja aliyevaa koti la bluu la mafundi wa picha alikuja akasimama kando yangu, akabonyeza kahawa mbili, akanipa moja. Jina lake kwenye kitambulisho lilikuwa Eum Mi-ryang. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi.

"Wewe ndiye mume wa yule mama wa soksi," alisema.

"Soksi gani?"

"Siku ya wapishi mimi ndiye niliyewalaza kitandani. Mkeo aliniambia, mwanangu, sakafu ya chumba hiki ni baridi, vaa soksi nzito. Watu arobaini na mmoja, yeye peke yake ndiye aliyeiangalia miguu yangu."

Nilikunywa kahawa ingawa ilikuwa ya moto.

Akanieleza, naye alieleza kama fundi anavyomweleza fundi. Wapishi walipigwa picha kwa mionzi kidogo, kwa sababu mionzi mingi inaleta madhara. Mionzi ikiwa kidogo picha inatoka na chenga nyingi. Zamani ulichagua: uongeze mionzi au uvumilie chenga. Sasa wameifundisha mashine. Wameionyesha maelfu ya picha, zenye chenga na zisizo na chenga, mpaka imejifunza yenyewe kipi ni chenga na kipi ni mwili. Unaipa yenye chenga, inakurudishia iliyooshwa.

"Ni kitu kizuri," alisema. "Nisikudanganye. Watoto wadogo tunawapiga picha kwa mionzi kidogo mno siku hizi kwa sababu yake."

"Na ikikosea?"

"Mara nyingi haikosei."

"Sikukuuliza mara nyingi."

Alizungusha kikombe cha karatasi mkononi. "Ina ngazi tatu za kuosha. Ya kwanza inapangusa tu. Ya pili ndiyo waliyotushauri waliotengeneza. Ya tatu inaosha mpaka inang'aa. Doa gumu haliguswi hata kwenye ya tatu. Lakini kuna doa hafifu, kama mtu amehema kwenye kioo. Hilo linafanana sana na chenga."

"Siku ya wapishi ilikuwa ngazi gani?"

"Ya tatu. Mkuu alizipenda zinavyong'aa. Na picha laini inasomwa upesi."

Nikasema neno ambalo siliandiki hapa. Yeye hakushtuka.

"Kuna jambo jingine," alisema. "Kile kinachotoka kwenye mashine kabla hakijaoshwa, data ghafi, huwa tunakifuta baada ya wiki mbili. Nafasi haitoshi. Lakini mwezi ule mashine ilikuwa ya majaribio, na waliotengeneza walitaka vyote vitunzwe. Vipo. Vyote, vya watu arobaini na mmoja. Majaribio yanafungwa tarehe 30 mwezi huu, na siku hiyo vinafutwa."

Ilikuwa tarehe 11 Septemba.

Niliposhuka kwenye basi karibu na shule sikuwa nafikiria tena picha ya Okrye. Okrye hawezi kurudishwa na picha. Nilikuwa nafikiria wale arobaini waliobaki, wanaotembea na karatasi iliyoandikwa hakuna tatizo. Na kati ya hao arobaini nilikuwa namfikiria mmoja, aliyesimama miaka kumi na tisa kwenye karai lilelile, juu ya moshi uleule, bega kwa bega na mke wangu.

Saa nane na nusu mchana wapishi huwa wanaosha sufuria. Bok-sil nilimkuta mlango wa nyuma, buti za mpira mpaka magotini, anapuliza maji sakafuni.

"Baba Nari!" alipiga kelele kushinda bomba. "Umekuja kula makombo?"

"Nimekuja kukupeleka hospitali."

"Nani anaumwa?"

"Wewe."

Akafunga bomba. "Unanitakia mabaya mchana kweupe?"

Nikamweleza, ngazi tatu, doa hafifu, tarehe 30. Alisikiliza huku akikamua tambara.

"Karatasi yangu imeandikwa safi," alisema.

"Ya Okrye pia iliandikwa safi."

Alilitupa tambara kwenye ndoo. "Sikohoi. Napanda ngazi za soko na mifuko miwili. Na nikienda kupimwa upya, sufuria langu atabeba nani? Tulitakiwa kuwa saba humu ndani. Tuko watano. Mmoja akikosa, wanne wanakufa. Unajua hilo, mkeo alikuja kazini na homa miaka yote hiyo."

"Najua. Nilikuwa nagombana naye."

"Sasa unagombana na mimi. Baba Nari, tangu Okrye atutoke umekuwa king'ora cha moto kilichoharibika. Unalia hata mtu akichoma samaki."

Wenzake ndani walicheka. Nami nilitaka kukasirika, ila sikuweza, kwa sababu Okrye angesema vilevile.

"Usiende kupimwa," nikamwambia. "Sikuombi upimwe. Picha yako ipo tayari, ile mbichi, kabla haijaoshwa. Nakuomba uidai tu. Ni yako. Wakikuonyesha mbichi ni safi, nitakuja hapa kila Jumatano kuosha karai mpaka ustaafu."

"Karai lote?"

"Na feni."

Alinitazama. Alijua kwamba sicheki. "Kwa ajili ya Okrye," alisema mwishowe. "Si kwa ajili yako, usijivune."

Wapishi wa mji wana kundi lao la simu. Jioni ile Bok-sil aliwaandikia wote. Wengine walijibu kwamba wanaogopa, wengine kwamba wakubwa wa shule watachukia. Mmoja aliandika kwamba mtu akishaambiwa safi asichokonoe. Wengi hawakujibu. Nilidhani tutakuwa sita.

Ijumaa ya tarehe 26, saa tisa alasiri, baada ya kuosha vyombo, walikuja ishirini na tisa.

Hatukubeba mabango. Mpango wangu ulikuwa mdogo na nilikuwa na uhakika nao, maana hospitali zetu nazijua. Pale kwenye dirisha la kumbukumbu za wagonjwa kuna mashine ya kutoa namba, na aliyeshika namba lazima ahudumiwe, hata kama ni saa ya kufunga. Kila mwanamke alichukua namba yake. Walikaa kwenye viti vya ukumbini, wananuka mafuta ya kukaangia na sabuni, na ubao ukaanza kuita. Namba 112.

"Nikusaidie nini, mama?" msichana wa dirishani akauliza.

"Picha yangu mbichi ya tarehe 19 Desemba 2023. Ile ambayo haijaoshwa."

"Samahani, ipi?"

"Mbichi, mwanangu. Kabla ya kuiva."

Namba 113 akaomba hiyohiyo. Namba 114 vilevile. Kufikia 118 msichana alikuwa na simu mkono mmoja na fomu mkono mwingine. Nyuma ya wapishi walianza kujaa wagonjwa wengine, wanaulizana kuna nini, na wapishi wanawaeleza, na si kwa sauti ya chini. Mzee mmoja aliyefungwa plasta mkononi aliuliza kama na yeye picha yake imeoshwa.

Daktari Seon alishuka. Nyuma yake alishuka mkurugenzi, mwanamke mfupi wa suti ya kijivu ambaye nilikuwa simjui ila kwa picha yake ukutani.

"Mama zangu," Daktari Seon alisema, "data ghafi si picha. Hata tukiwapa hamtaona chochote. Ni namba tupu."

"Basi zigeuzwe ziwe picha," nikasema. "Bila kuoshwa."

"Mzee, zitakuwa na chenga nyingi. Hazina manufaa ya kitabibu."

Bok-sil akasimama. Alikuwa na namba 131 mkononi. "Daktari, ngoja nikuulize. Mimi nakaanga nyama. Nje imeiva, inang'aa, rangi ya dhahabu. Mkaguzi wa afya akiniambia kata nione ndani, nimjibu ndani si chakula?"

Ukumbi mzima ukacheka, hata yule msichana wa dirishani aliyekuwa karibu kulia. Daktari Seon akawa mwekundu kuanzia shingoni.

Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa anatazama ubao wa namba, halafu simu za watu zilizoinuliwa, halafu ubao tena. "Mnataka nini hasa?" aliniuliza mimi, sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu nilikuwa mwanaume peke yangu kati yetu, na wakubwa wamezoea hivyo.

"Zote arobaini na moja zitolewe bila kuoshwa kabla ya Jumanne. Na zisomwe na mtu mwingine. Siyo huyu."

"Huyu ni daktari bingwa wa miaka ishirini."

"Mimi ni mchomeleaji wa miaka thelathini na minne, na mshono wangu sijawahi kuukagua mwenyewe."

Ubao ukaita namba 119. Mkurugenzi akasema, "Sawa."

Fundi Eum alifanya kazi Jumamosi na Jumapili. Nilimpelekea soksi mbili nzito za sufu, za Okrye, ambazo hazijavaliwa. Alizivaa hapohapo. Picha zilitumwa Busan kwa daktari mwingine, Heo, mwanamke ambaye hajui mtu yeyote Seorim.

Majibu yalikuja Alhamisi, siku moja kabla ya likizo ya sikukuu ya mavuno. Nilikuwa sokoni nanunua mapeasi ya kuweka mezani siku ya sikukuu kumkumbuka Okrye, simu ilipolia.

"Baba Nari," Bok-sil alisema.

"Niko hapa."

"Wameita watatu. Wawili ni makovu ya zamani tu." Nilimsikia anavuta pumzi. "Hutaosha karai."

Niliyaacha mapeasi kwa muuzaji nikaenda kwake kwa miguu.

Lake lilikuwa doa la milimita sita mwaka ule, kwenye pafu la kulia, hafifu, kama alivyosema Eum, kama mtu amehema kwenye kioo. Kwenye picha iliyooshwa halikuwepo. Kwenye mbichi lilikuwepo, ndani ya chenga, linamngoja mwenye subira. Walipompima upya Busan lilikuwa milimita tisa na limeanza kuwa na kiini kigumu. Mwisho wa Oktoba walimfungua wakalikata. Daktari Heo alimwambia limewahiwa, halijaenda popote. Leo anapanda ngazi za soko na mfuko mmoja badala ya miwili, na anamlaumu muuza kabichi kwa hilo.

Wakubwa wa shule walituma kikapu cha matunda. Bok-sil aliwarudishia kadi ameandika: leteni feni.

Na Okrye? Watu wananiuliza. Daktari Heo mwenyewe alinionyesha picha yake mbichi, akaweka ncha ya kalamu nyuma ya kivuli cha moyo. "Hapa," alisema. "Ningeiona siku ile ningemwita arudi baada ya miezi mitatu." Daktari Seon naye alikuwepo, kwa sababu mkurugenzi alimlazimisha awepo. Aliinama akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Ukishajua mtu amekufa kwa kitu gani," alisema polepole, "kila mtu anaona. Kwenye chenga nyingi hivi unaweza kuona chochote unachokitafuta."

Hapo alikuwa na hoja, na inaniudhi mpaka leo. Nilikwisha kubishana na wakaguzi namna hiyohiyo mwenyewe. Lakini mimi nililiona kabla kalamu haijafika. Dada mmoja muuguzi wa Busan aliniambia ni huzuni inayoona. Nikamwambia huzuni yangu ilijifunza kazi kiwandani.

Mwishoni mwa Novemba mkurugenzi alituita, mimi, Bok-sil na wapishi wengine wanne, tuje tusikie walichokiamua. Tulikalishwa kwenye meza ndefu, tukawekewa kahawa ya kweli, si ya mashine. Alikuwa ameandaa michoro ukutani. Ngazi ya tatu imefungwa, haifunguki bila saini mbili. Data ghafi itatunzwa miaka mitano. Na kila picha iliyooshwa itawekewa kando yake pacha wake ambaye hajaoshwa, ili daktari akibonyeza mara moja amwone.

Wapishi walipiga makofi. Nami nilipiga, kwa sababu lilikuwa jambo la maana na sisi ndio tuliolifanya liwe. Wala sina ugomvi na mashine yao. Kiwandani kuna roboti inayochomelea mshono mnyoofu kuliko wangu, na naisifu mbele ya vijana wanaoikejeli. Roboti haijawahi kunidanganya. Aliyesema rangi ipakwe kwanza alikuwa na jina na ofisi.

Nikanyoosha mkono.

"Basi la wapishi linakuja lini?"

"Tarehe 16 Desemba, Jumanne."

"Wanawake wangapi?"

Mkurugenzi alitazama karatasi. "Thelathini na wanane."

"Kila mmoja picha mbili sasa. Iliyooshwa na mbichi."

"Ndiyo. Mara mbili ya usalama."

"Ile mbichi inachosha macho, inasomwa polepole. Daktari mwenyewe amesema. Mimi kwenye filamu moja nimewahi kukaa robo saa. Mnao wasomaji wangapi asubuhi hiyo?"

Alimtazama Daktari Seon. Daktari Seon alivua miwani yake akaanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi. Fundi Eum, aliyekaa mwisho wa meza, aliinamia kahawa yake.

"Msomaji mmoja," Daktari Seon alisema.

"Asubuhi moja?"

"Asubuhi moja."

"Sawa," nikasema. "Kitufe cha kubonyeza mmeweka. Pacha mmemweka. Sasa niambieni jina tu, niliandike, niwapelekee wale thelathini na wanane kabla hawajapanda basi. Ile mbichi, ataitazama nani?"